Kiu ya Mheshimiwa Kasuku

Enzi hizo wanyama wa nyika wakipiga kura, Kasuku aliwaahidi kisima, wakampa uchifu. Muhula ulipokwisha, akarudi jukwaani kuahidi visima viwili. Alihutubia mpaka koo likamkauka.

“Nileteeni maji,” akasema kwa sauti ya kukwaruza.

“Yatoke wapi, Mheshimiwa?” akauliza Punda, mpiga makofi wake mkuu. “Si bado tunasubiri kisima chako?”

Sauti ilikuwa imemwishia Kasuku, na bila sauti hana kitu. Akaruka hadi nyuma ya kichuguu, kwenye shimo la maji alilochimba Ngiri, asiyewahi kuhutubia hata sisimizi, akanywa kisirisiri kama alivyozoea.

Alipoinua kichwa, mkutano mzima ulikuwa nyuma yake.

“Hatimaye umetufikisha kwenye maji,” akasema Punda. “Sasa tupishe, tumchague Ngiri.”