Kola ya Koti

Dau la koti la sufu lilikuwa limefika elfu arobaini kwenye kundi langu la WhatsApp, ninakonadi mitumba. Nililinunua Maisaka kwa baba mmoja aliyesema linambana. Nilikuwa nimelipiga pasi na kuisimamisha kola, lionekane la kisasa kwenye picha.

Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti wa Mama Evangelina wa Sigino, ambaye hajawahi kununua kwangu hata soksi.

"Mwanangu, hilo koti ni la marehemu mume wangu. Siku ya kuanua tanga ndugu waligawana nguo, likamwangukia mdogo wake. Sikulidai, ilikuwa haki yake." Akakohoa. "Nakuomba tu uishushe kola. Hakuwahi kulivaa hivyo."

Kwenye kundi mtu akaandika, "Hamsini."

Niliishusha kola. Ukingo wake ulikuwa umelainika na kung'aa, pale iliposuguana na shingo yake miaka yote.

Nikafuta picha, nikaandika, "Limechukuliwa." Wakanijia juu. Nikamwita bodaboda.

"Peleka Sigino," nikamwambia. "Na usilifunge kwa mpira, utaikunja kola."