Mwenye Mbio wa Bondeni

Kila mwaka mvua zikikatika, baraza la wanyama lilikutana kilimani kuamua barabara gani itengenezwe kwanza. Desturi yao ilikuwa moja: barabara ambayo wenyeji wake wamejitokeza kwa wingi kikaoni ndiyo inayotengenezwa.

Mwaka huo walishinda tena Ngiri wa Mlimani. Barabara yao ilikuwa nzuri, ila waliitaka ipanuliwe kidogo.

"Na Bondeni je?" aliuliza Kwale, karani wa baraza.

"Hao hawaji kamwe," alijibu Ngiri mmoja. "Hawana shida."

Nyati, mwenyekiti, akafunga kikao. Mabenchi yalikuwa yakikusanywa Bi Kobe wa Bondeni alipotokea anahema, tope limemfika shingoni.

"Pole, mama," Nyati alimwambia. "Tumeshamaliza. Mbona uko peke yako? Wenzako hawakutaka kuja?"

"Wako njiani, mheshimiwa. Digidigi amekwama kwenye tope, Nungunungu anamvuta. Pofu naye, mnyama mkubwa vile, alizama hadi tumboni, tumemwacha anapumzika." Bi Kobe akatabasamu kwa haya. "Wamenitanguliza niwaombe mtusubiri. Kwetu siku hizi, mimi ndiye mwenye mbio."

Yule Ngiri aliyesema hawana shida aliinamisha kichwa.

Nyati akamlamba Bi Kobe tope la machoni, taratibu, kama anavyomlamba ndama wake. Kisha akawageukia waliobeba mabenchi.

"Msiyarudishe," alisema. "Tunayapeleka Bondeni, kwa njia ileile aliyojia mama huyu. Mkutano haujaanza."