Nyama Iliyokandwa

Ilikuwa hapo mbele, mama mwenzangu, si hapo kale, na kitovu cha mtoto kilikuwa hakizikwi tena. Kila mzazi alirudishiwa nyama iliyooteshwa kutoka kitovu cha mwanawe, ndani ya kasha la mashine lililoivuta na kuiachia mchana kutwa usiku kucha, ikomae iwe moyo wa akiba.

Kasha la Mwanakombo lilikaa jikoni. Nyama ilikuwa na utelezi kama pweza mbichi, na harufu yake ilimtapisha. Alasiri moja alimkuta mama mkwe wake, Bi Riziki, ameitoa, anaikanda kwa mafuta ya nazi na kuinyoosha kama mtoto mchanga.

"Mama! Unafanya nini?"

"Mashine inajua kukanda, mwanangu? Mumeo nilimkanda hivi hivi. Huoni kifua chake?"

Mwanakombo akaipokonya, akachukua jembe, akachimba shimo uani, akaitupa humo.

"Na mtoto akiugua moyo, utampa nini? Jembe?"

Shimoni, bila mashine, nyama ilijivuta, ikajiachia, ikajivuta tena. Mwanakombo akachota udongo aifukie. Mtoto alikuwa amelala fofofo, hakuna aliyelia. Hata hivyo maziwa yalimtoka, yakalowesha kanga, yakadondokea shimoni, na ile nyama ikayageukia.