Pampu ya Bibi Odilia

Nesi aliigeuza pampu ya kuvutia dawa ya kifua mara mbili. Kidirisha chake kilisoma sifuri, ilhali baada ya mwezi mmoja wa utafiti wa dawa hiyo zilitakiwa kubaki dozi sitini.

"Bibi Odilia, unavuta mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili, mwanangu, kama mlivyoniagiza." Bibi akakohoa, akaelekeza kidevu jikoni. "Na mwenzangu mbili."

Mlangoni mwa jiko aliketi mke mwenza wake, yule ambaye watafiti walimkataa siku ya kuandikisha kwa kuzidi umri. Kifua chake kilipiga filimbi mpaka uani.

"Moshi tumevuta wote miaka arobaini, jiko hilohilo. Dawa nivute peke yangu?"

Nesi hakuwa na nguvu ya kubishana. Tangu asubuhi alikuwa juu ya bodaboda, akizunguka Heru Juu. Fomu ilibakiza swali moja: dawa imetumiwa na mtu mwingine? Akijaza Ndiyo, Bibi anatolewa kwenye utafiti, na pampu mpya aliyokwisha kumpa inarudi ofisini Kasulu.

Bibi aliifuta pampu hiyo mpya mdomo kwa pindo la kitenge, akampelekea mwenzake avute kwanza.

Kalamu ilikuwa imeshagusa Ndiyo. Kule jikoni filimbi ikapungua, ikatulia, na nesi akasikia kuku wakiparura uani.

Akaihamisha kalamu hadi Hapana.