Vidole Vilivyolika

Taa ya mashine ya kusoma vidole mlangoni ikawaka nyekundu tena.

"Futa kidole chengine, kisha ujaribu," mlinzi akasema.

Mwanamwema akafuta kidole kwenye kanga, akakibonyeza kwenye kioo. Nyekundu. Alitoka wodi ya watoto kununua maji tu, na sasa nyuma ya mlango ule mwanawe aliyelazwa alikuwa akimlilia.

"Jana si kilisoma?"

"Jana kilibahatisha. Hebu nione."

Mwanamwema akamnyooshea mikono. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama kauri, hazina alama hata moja. Miaka ya kufunga mwani kwenye kamba, ndani ya maji ya chumvi ya Jambiani, ilikuwa imeila mistari yote.

"Nnalima mwani, mwanangu. Mistari ingebaki vipi? Nifungulie wewe."

"Kidole changu hakifungui hapa, mama. Na manesi nshawapigia, hawapokei. Wote wako kwa mgonjwa mmoja."

"Mgonjwa gani?"

Mlinzi akaitazama mashine. "Weka tena, mama."

"Huyo anayelia ni wangu!"

"Nnamsikia. Lakini mashine haikujui."

Kilio kikakatika.

Wakabaki wanasikiliza, yeye na mlinzi, kila mmoja akingoja kianze tena. Hakikuanza.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Nesi akauzuia kwa bega usijifunge, uso ameuinamisha.

"Ingia, mama," akasema taratibu.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwanamwema akafuta kidole kwenye kanga, akakibonyeza tena kwenye kioo.