Goroli Moja, Taa Mbili

Selestina alitazama mlangoni kwanza, kisha akaugeuza ubao kifudifudi. Sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio ilikuwa mfukoni. Aliipaka gundi, akaibandika nyuma ya plaiwudi, karibu na chini, upande ule alioutaka. Halafu akaifunika kwa kipande cha kitambaa cheusi, kama alivyozifunika nyaya za taa.

Aliyemwona ni baba yake peke yake. Mzee Modest alikuwa kwenye kiti chake, pembeni ya karakana, ambako binti zake walimkalisha kila siku ili asikose harufu ya mbao. Kiharusi kilimkuta akipaua nyumba ya watu huko Mbulumbulu. Kilimwachia mkono wa kushoto na macho. Maneno hayakurudi.

"Usinitazame hivyo, baba," Selestina alinong'ona.

Aliusimamisha ubao, akaachia goroli kutoka juu. Ikagonga vijiti, ikayumba huku na huku, na ilipokaribia chini ikavutika kidogo, ikaangukia pale pale alipotaka. Akarudia. Ikatii tena. Badala ya kufurahi, alijiona mwizi.

Yeye na pacha wake, Lukresia, walikuwa wamechaguliwa pamoja kwenda chuo cha uuguzi Mwanza. Kabla hawajafungasha, baba akaanguka. Mama yao alikwishafariki. Ilibidi mmoja abaki kumlisha mzee, kumwogesha na kumgeuza kitandani. Kila walipojaribu kulizungumza jambo hilo waliishia kununiana, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka neno "mimi." Walisema atakayebaki atakwenda mwakani, na wote wawili walijua kwamba mwakani huko kulikuwa mbali sana.

Ndipo Selestina, ambaye tangu sekondari alikuwa akitengeneza redio na simu za majirani, akasema ataunda mchezo wa kuwaamulia. Plaiwudi na vijiti vilikuwa mabaki ya kazi za baba. Goroli aliiomba gereji, ilitoka kwenye beringi ya gari la watalii. Chini ya ubao alitengeneza vyumba viwili, kimoja kwa jina lake na kingine kwa jina la Lukresia, na ndani ya kila chumba akalaza nyaya mbili zilizomenywa. Goroli ikitua juu yake, umeme wa betri unapita na taa inawaka. Taa ya nani ikiwaka, huyo ndiye anayekwenda Mwanza.

Lukresia aliingia na uji wa baba. Alipitisha kidole juu ya vijiti, akauliza kwa nini mwenzake amejitesa kuvichonga wakati misumari ya chuma imejaa kwenye kopo. Selestina akamjibu kwamba misumari ina kelele, ingemsumbua mzee. Lukresia akautazama tena ubao. Kisha akakaa kumlisha baba yao, na Selestina akatoka kwenda dukani kununua betri.

Jumapili waliporudi kutoka kanisani waliuegemeza ubao ukutani. Walikuwa wamepatana kwamba baba ndiye atakayeachia goroli, ili asiwepo wa kulaumiwa. Lukresia akamwekea kiganjani na kumsogezea mkono hadi juu ya ubao.

Mzee Modest hakuiachia. Alimtazama Selestina, akamtazama Lukresia, na machozi yakaanza kumtiririka. Selestina alidhani hajaelewa, akamweleza upya, polepole. Vidole vikazidi kukaza.

"Iachie tu, baba," Lukresia alisema. "Sisi tumeshakubali."

Mkono ukafunguka. Goroli ikashuka ikigongagonga, ikaelekea upande mmoja, ikaelekea wa pili, ikatua.

Taa ya Selestina ikawaka.

Selestina aliikodolea macho. Uso ulimpauka.

"Turudie."

"Tulisema mara moja," Lukresia alijibu. "Kafungashe."

Jioni ile Selestina alilia huku akipanga nguo. Lukresia alimkunjia magauni, akamshonea kifungo kilicholegea, kisha akaleta viatu vyeupe vya uuguzi alivyojinunulia mwenyewe, bado vina karatasi ndani. Selestina alivikataa. Lukresia akavitumbukiza kwenye begi, akavuta zipu.

Asubuhi walisimama kando ya barabara kuu kwenye ukungu, wakisubiri basi linalopanda kwenda geti la Loduare na kukatiza Ngorongoro hadi Mwanza. Lilipofika, Selestina alimkumbatia pacha wake na kugoma kumwachia. Alimwomba amsamehe. Lukresia hakumuuliza amsamehe nini. Alimwambia apande kabla siti ya dirishani haijachukuliwa, akabaki amesimama mpaka basi lilipopotea kwenye kona.

Alirudi nyumbani, akamlisha baba, akampangusa kidevu. Halafu akaulaza ubao kifudifudi juu ya meza ya useremala, akafunua kitambaa cheusi, akaibandua sumaku kwa patasi. Mzee alikuwa akimfuata kwa macho. Lukresia alikaa chini, karibu na miguu yake, sumaku ikiwa kiganjani.

"Wewe uliona yote, baba," alisema. "Aliibandika upande wangu. Mimi niliihamisha tu."