Mstari wa Bi Mashavu

Mwaka huo halmashauri ya mji ilikuwa na fedha za kazi moja tu mtaani: taa za barabarani au kivuko cha mtaro. Afisa mtendaji aliwaita wakazi uwanjani wachague kwa desturi yao, yaani kupanga mstari. Wanaotaka taa walisimama nyuma ya Sefu, kinyozi. Wanaotaka kivuko walisimama nyuma ya Bi Mashavu, muuza vitumbua, ambaye alikwisha kutumbukia mtaroni mara mbili na beseni lake kichwani.

Nyuma yake walisimama watu wanne.

"Tuwekeeni taa," Sefu alitania, "tumwone vizuri Bi Mashavu akitumbukia!"

Watu walicheka. Bi Mashavu naye alicheka, akatua beseni, akalifunua. Harufu ya iliki ikaenea uwanja mzima, na punde mstari wake ukawa mrefu kuliko wa Sefu.

"Mtendaji, hao wamefuata vitumbua!" Sefu alilalamika.

"Kweli," alisema afisa mtendaji, akimeza mate. "Mama, funika beseni. Aliyefuata kitumbua aondoke. Nahesabu upya."

Bi Mashavu alifunika. Kanuni ilimkataza kiongozi wa mstari kugeuka nyuma, basi alitazama mbele, akisikia tu kandambili zikikokotwa mchangani, asijue zinakuja au zinakwenda.

Kisha, kutoka mbali nyuma yake, ikaja sauti ya Sefu kinyozi:

"Songa mbele kidogo, Bi Mashavu! Sisi wa mwisho huku tumefika ukingo wa mtaro!"